Sinia la Posa na Kutu ya Pipa

Bi Bahiya alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi aliamka, akaswali, akawasha jiko la makaa, kisha akaanza kugomba. Hakugomba kwa chuki. Aligomba kama watu wengine wanavyoimba wakiwa kazini. Aliyagombeza makaa mabichi. Aliwagombeza kuku wa watu walioingia uani kwake. Alimgombeza mumewe, Nasser, kwa kuacha makubazi katikati ya mlango. Jirani zake pale Temeke walikwisha kumzoea. Siku wasiposikia sauti yake walitumana kuuliza kama yu mzima.

Nasser alikuwa na duka la sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka hilo. Uani palikuwa na kinu, kamba ya kuanikia nguo, na pipa kubwa la chuma la kukingia maji ya mvua. Lilikuwa pipa la zamani. Mdomo wake ulikuwa mwekundu kwa kutu.

Jumatatu moja ya mwaka 1954, Bi Bahiya alitoka uani kuchukua sinia lake. Alilitazama, akanyamaza. Nasser, aliyekuwa dukani, akauona ule ukimya.

"Kuna nini huko?" aliuliza.

"Njoo uone mwenyewe," alisema Bi Bahiya. "Mie sina la kusema."

Alikuwa nalo, na alilisema mpaka adhuhuri.

Sinia hilo halikuwa sinia hivi hivi. Lilikuja na posa. Jabiri, karani wa bandarini, alitaka kumwoa Hayat, binti wa Nasser na Bahiya. Mama yake Jabiri, Bi Zuwena, alikuja na wanawake wenzake wawili. Walileta sinia jipya limefunikwa kitambaa cha hariri. Halikuwa la shaba wala la bati. Lilikuwa la stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Jabiri alilinunua kwa baharia mmoja wa meli. Liling'aa kama maji ya kisimani. Ukilisogelea uliona mistari myembamba sana, yote imelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa.

Watu wa ukoo wa Nasser wana mila yao. Siku ya kujibu posa, wanawake wa upande wa bwana harusi huja kunywa kahawa. Kama posa imekubaliwa, kahawa na halua huletwa juu ya sinia lile lile walilolileta. Kama imekataliwa, huletwa juu ya sinia jingine. Hakuna neno linalosemwa. Wageni hulitazama sinia, wakajua jibu lao.

Bi Zuwena na wenzake walikuwa waje Alhamisi. Na sasa, katikati ya sinia, palikuwa na duara la kutu. Duara kubwa, jekundu, la kuonekana na kila mwenye macho.

"Chuma kisichoshika kutu!" alisema Nasser. "Na hii ni nini? Hina?"

"Usinikere, Baba Hayat."

"Sikukeri. Nasema tumeletewa kitu bandia. Watu wanatuposea binti yetu kwa sinia bandia!"

Hayat alikuwa akipepeta mchele karibu na jiko. Ungo ukamsimama mikononi. Alimpenda Jabiri, ingawa mbele ya baba yake hakuthubutu kulitaja hata jina lake.

"Baba," alisema polepole, "labda ni uchafu tu. Utatoka."

"Usipotoka kufikia Alhamisi," alisema Nasser, "nitawarudishia sinia lao, na maneno yao pia."

Bi Bahiya akakunja mikono ya gauni. Alijua kuosha vyombo tangu akiwa binti mdogo. Alichukua kumbi la nazi, akalichovya katika mchanga na majivu, akasugua. Sufuria zake zote ziling'aa kwa njia hiyo. Alisugua mpaka bega likamuuma. Kutu ikapungua kidogo. Lakini ile mistari mizuri ilivurugika. Uso wa sinia ukawa na mikwaruzo ya kila upande, kama kuku wamepita wakiparura.

"Alaa!" alisema. "Chombo gani hiki, hakijui hata kuoshwa?"

Akatuma dukani, akaletewa stilwaya, zile nyuzi za chuma zilizosokotwa za kusugulia masufuria. Akasugua tena. Mara hii kutu ilitoka karibu yote. Bi Bahiya akafurahi. Akalisuuza sinia, akaliegemeza ukutani likiwa bichi, akaenda kupika.

Jumanne asubuhi akalitazama. Lile duara lilikuwa limerudi. Tena safari hii halikuja peke yake. Kila mahali alipopitisha stilwaya palikuwa na vidoa vidogo vyekundu, vingi, kama mtu amelinyunyizia pilipili ya unga.

Bi Bahiya alikaa juu ya kinu. Alitaka kulia, lakini hasira zilimzuia.

"Jana doa moja," alisema. "Leo mia! Nimekukosea nini wewe sinia?"

"Mama," alisema Hayat, "si tuulize mtu?"

"Nimuulize nani? Nimeanza kuosha vyombo kabla mama yake huyo mtu hajaolewa!"

Kulikuwa na jambo moja zaidi alilolijua. Dele lake la kahawa lilikuwa la shaba, na shaba ikifubaa husafishwa kwa ukwaju na chumvi. Unapaka, unasugua, inang'aa kama dhahabu. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Basi Bi Bahiya akakanda ukwaju na chumvi nyingi. Akalipaka sinia lote kwa unene, akaliacha hivyo mpaka Jumatano.

Jumatano aliposuuza, vidoa vyekundu vilikuwa bado vipo. Na palikuwa na kitu kipya. Vishimo vidogo, vyeusi, kama mtu amechoma kwa ncha ya sindano.

Safari hii Bi Bahiya hakunyamaza. Alipiga ukelele uliofika nyumba ya pili.

Nyumba ya pili alikaa Mama Revelian. Jina lake mwenyewe ni Jovina, mtu wa Bukoba. Mumewe, Didas, alikuwa mwalimu. Jovina alifanya kazi katika hospitali moja mjini. Kazi yake ilikuwa kuosha na kuchemsha vyombo vya madaktari: mabakuli, mikasi, koleo. Siku hiyo alikuwa na mapumziko. Aliposikia ukelele alikuja mbio, unga wa muhogo bado umemganda mikononi.

"Hodi! Mama Hayat, kuna nini? Nyoka?"

"Afadhali nyoka!" alisema Bi Bahiya. "Nyoka unampiga akafa. Hiki kila nikikipiga kinazaana!"

Akamwonyesha sinia. Jovina akanawa mikono, akaifuta, ndipo akalipokea. Akaligeuza juani, huku na huku. Hakucheka. Bi Bahiya alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Hili ni stenlesi," alisema Jovina.

"Baba Hayat anasema ni bandia."

"Si bandia. Hospitali tunavyo vyombo vya namna hii. Nieleze, umelioshaje? Nieleze yote, usinifiche."

Bi Bahiya akaeleza. Kumbi, mchanga na majivu. Jovina akafumba macho. Stilwaya. Jovina akashika kichwa. Ukwaju na chumvi, mpaka asubuhi.

"Uuwi!" alisema Jovina. "Mama Hayat, umelitesa hili sinia."

"Na lenyewe je? Halijanitesa mie?"

Hayat akacheka, kisha akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Sasa sikiliza," alisema Jovina. "Kabla ya hayo yote, lile duara la kwanza lilitoka wapi? Sinia uliliweka wapi?"

Bi Bahiya akaanza kutengeneza kanga yake. Ilikuwa ni Hayat aliyejibu.

"Mama alilianika kifudifudi juu ya pipa. Siku tatu. Ili watu wakipita walione."

"Hayat!"

"Si kweli, mama?"

Jovina akalichukua sinia, akalilaza kifudifudi juu ya mdomo wa lile pipa kuukuu, akainua ukingo mmoja wachungulie. Duara la kutu na mdomo wa pipa vikalingana, kama kifuniko na chungu chake.

Wote watatu wakatazama.

"Unaona?" alisema Jovina. "Sinia halikutoa kutu. Pipa ndilo lililotoa. Mvua ilinyesha, mdomo wa pipa ukalowa, kutu yake ikahamia kwenye sinia. Hiyo ni kutu ya mgeni."

"Pipa!" alisema Bi Bahiya, akilitazama kwa macho makali. "Pipa langu mwenyewe! Na hivi vidoa vya pilipili?"

"Hivyo ni stilwaya. Stilwaya ni chuma cha kawaida. Unaposugua, vipande vyake vidogo sana hukatika vikabaki juu ya sinia. Huvioni. Vikipata maji, vinashika kutu. Kwa hiyo ulikuwa unaondoa kutu kwa kupanda kutu nyingine."

Bi Bahiya akapiga kofi pajani. "Na mie nimelisugua lote! Kila pembe!"

"Mwalimu wetu wa kazi kule hospitali alitueleza hivi," Jovina aliendelea. "Chuma hiki kina ngozi. Ngozi nyembamba mno, jicho haliioni. Kikiwa safi na kikavu, hewa yenyewe inakitengenezea hiyo ngozi. Ndiyo inayokikinga. Mchanga unaichuna. Chumvi inaila. Ikishaliwa, chumvi inachimba. Hivi vishimo vyeusi ni kazi ya chumvi."

"Lakini shaba napaka chumvi kila mwezi! Inapendeza!"

"Shaba ni shaba, Mama Hayat. Hiki ni kingine."

Wakati huo Nasser akaingia uani. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na mkononi alishika chupa ameizungushia gazeti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza matatizo.

"Nimepata dawa!" alisema. "Mfaume, yule fundi wa malori, amenipa maji ya betri. Anasema yanakula kutu kama sukari."

Jovina akaweka mkono juu ya sinia.

"Shikamoo, Baba Hayat. Samahani, hayo usiyafungue."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Yatakula kutu, yatakula na sinia, na vidole vyako pia. Mvuke wake unachoma kifua. Tafadhali mrudishie mwenyewe."

"Mfaume ni fundi!"

"Fundi wa malori," alisema Bi Bahiya. "Je, Hayat anaolewa na lori? Irudishe hiyo chupa! Nimechoka mie! Siku tatu kila mtu ni daktari wa sinia!"

Nasser akageuka kwa hasira. Alipokuwa akigeuka, tone moja likatoka kwenye kizibo likaangukia nyuma ya kanzu yake. Hakuna aliyeliona.

Bi Bahiya akamshika Jovina mkono. Sauti yake ilishuka.

"Mama Revelian, kesho wanakuja. Nikiwapa kahawa juu ya sinia jingine nimekataa posa. Nikiwapa juu ya hili, watasema hawa watu kitu cha stenlesi kwao kinaoza, mwana wetu je? Na mume wangu ndiyo hivyo, anataka kurudisha. Nifanye nini?"

"Tafuta ndimu," alisema Jovina. "Nyingi. Sabuni ya kipande, maji ya moto na vitambaa laini. Basi."

"Ndimu tu? Bila chumvi?"

"Bila chumvi hata chembe."

Walianza na sabuni. Jovina aliliosha sinia kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, kuondoa mafuta na mabaki ya ukwaju.

"Mafuta yakibaki, ndimu haifiki kwenye kutu," alisema.

Kisha wakakamua ndimu ishirini. Wakachuja mbegu na nyama zake. Wakachanganya maji ya ndimu na maji ya moto kidogo katika bakuli la udongo. Jovina akaligeuza sinia, akapaka kidogo upande wa chini, mahali pasipoonekana, akasubiri.

"Unangoja nini?" aliuliza Bi Bahiya.

"Najaribu kwanza. Kama patabadilika rangi, nitaacha. Afadhali kuharibu pasipoonekana."

Hapakubadilika. Ndipo akalowesha vitambaa katika ile ndimu ya moto, akavilaza juu ya sinia mpaka likafunikwa lote.

Bi Bahiya akachukua kitambaa kingine, akakaza mkono tayari kusugua.

"Acha," alisema Jovina.

"Niache vipi? Kutu itatoka yenyewe?"

"Ndiyo. Ndimu inafanya kazi. Wewe kaa."

Kukaa ndiko kulikokuwa kugumu. Bi Bahiya alikaa, akainuka. Akamgombeza kuku. Akainua pembe ya kitambaa achungulie, Jovina akairudisha. Kila vitambaa vilipopoa au kuanza kukauka, Jovina aliviloweka tena katika ndimu ya moto.

"Huko hospitali mnangoja hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Basi mie nisingedumu hata juma moja."

"Tungekufukuza siku ya kwanza, Mama Hayat."

Ilipopita kama nusu saa, Jovina akaondoa vitambaa. Vilikuwa na rangi ya chai. Kutu ilikuwa imehamia kwenye vitambaa. Bi Bahiya akasogea karibu, akasahau kugomba.

Jovina akamwonyesha ile mistari ya sinia. "Pangusa kwa kuifuata hii. Inakwenda huku, nawe nenda huku. Usizungushe mkono, usikate mistari. Polepole."

Bi Bahiya akapangusa polepole. Pengine hakuwahi kufanya jambo polepole tangu alipozaliwa. Duara likafifia. Vidoa vingine vilibaki. Wakarudia mara ya pili, na ya tatu kwa sehemu ngumu. Ilipofika alasiri, duara halikuwapo, na ile pilipili haikuwapo.

"Sasa suuza," alisema Jovina. "Kwa maji ya bomba, si ya pipa. Suuza sana. Ndimu nayo si ya kuachwa hapo. Ukimaliza likaushe papo hapo, halafu lisimamishe ndani, mahali pakavu penye hewa. Ngozi yake itarudi yenyewe."

"Na vishimo hivi?"

Jovina akatikisa kichwa. "Hivyo havitoki. Chumvi imechimba. Na mikwaruzo ya mchanga pia itabaki. Usijaribu kuifuta, utazidisha."

Bi Bahiya akavihesabu kwa kidole. Vilikuwa saba, karibu na ukingo. Akavuta pumzi ndefu.

"Saba," alisema. "Nitaweka sahani ya halua juu yake."

Alhamisi baada ya alasiri wageni walifika. Bi Zuwena alitangulia. Alikuwa mama mnene, mtaratibu, mwenye macho ya kuona kila kitu. Walikaa kwenye mkeka ukumbini. Walijuliana hali, wakaulizana habari za watoto, za jua, na za bei ya samli. Nasser, aliyekwisha kuridhika baada ya kuliona sinia limetakata, alipita kuwasalimu. Alipogeuka kuondoka, watu wote wakaona tundu nyuma ya kanzu yake, kubwa la kupita kidole. Tone la maji ya betri lilikuwa limemaliza kazi yake. Bi Bahiya akauma midomo. Mume ambaye angemwaga chupa nzima juu ya sinia!

Hayat akaingia na sinia. Juu yake palikuwa na dele, vikombe vidogo, na sahani ya halua imewekwa upande upande, karibu na ukingo. Wanawake wakaliona sinia. Nyuso zikafunguka. Jibu lilikuwa limefika.

Bi Zuwena akanywa kahawa. Akamega halua. Halafu, taratibu, akaisogeza sahani.

Akavitazama vile vishimo saba. Akapitisha kidole juu yake, kimoja kimoja. Hayat alisimama kama mwiko uliochomekwa kwenye ugali.

Bi Bahiya hakuweza tena.

"Ni mie!" alisema. "Si sinia, ni mie! Lilishika kutu ya pipa langu, nikalisugua kwa mchanga, nikalisugua kwa stilwaya, nikalitia chumvi mie mwenyewe! Sinia lenu ni zima. Mjinga ni mie. Haya, semeni!"

Bi Zuwena akamwinamia.

"Chumvi na ukwaju?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na ukwaju."

"Kama shaba?"

"Kama shaba."

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi."

Bi Zuwena akaweka kikombe chini. Akawatazama wale wenzake wawili, kisha akamtazama Bi Bahiya.

"Jabiri alinunua mawili," alisema. "Moja la posa, moja langu. Langu liko chini ya kitanda tangu Mfungo Mosi, mwezi ule wa Idi. Nimemwambia mwanangu nimeliazimisha. Lako hili, dada yangu, ni zuri! Ungeliona langu ungelia."

Bi Bahiya akashika mdomo. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka. Bi Zuwena naye akacheka, na mkeka mzima ukafuata.

"Kutu umeitoaje?" aliuliza Bi Zuwena akijifuta machozi.

"Ngoja," alisema Bi Bahiya. Akatoka mpaka uani, akaita kwa sauti ile ile ya kila asubuhi: "Mama Revelian! Njoo unywe kahawa! Una mgonjwa mwingine!"

Jumapili Jabiri, aliyekwisha kuambiwa ukweli, alileta sinia la mama yake, limefungwa ndani ya gunia ili watu wasilione. Bi Bahiya alilisafisha mwenyewe. Jovina alikaa pembeni, akimtazama tu. Lilihitaji ndimu arobaini na siku mbili. Vishimo vilibaki, lakini kutu yote ilitoka, na haikurudi. Pipa la uani likapata kifuniko cha mbao. Tangu siku hiyo, masinia yaliishi ndani, yamesimama makavu, na stilwaya haikuyagusa tena.

Siku ya harusi uani palijaa wapishi. Walipomaliza kupakua pilau, mwanamke mmoja alichukua masinia yote mawili akaenda nayo kando. Alikuwa mwenye bidii. Akachota mchanga kwa kiganja, akashika kumbi la nazi, akainama.

Bi Bahiya alikuwa mlangoni. Bi Zuwena alikuwa jikoni. Sauti zao zilitoka pamoja, ukafikiri ni mtu mmoja:

"Wee! Weka mchanga chini!"